Kosa Nililomwambia Mtu wa Bima

Kifuniko cha mkanda wa kinu changu kinashikwa na nati nne. Kukitoa ni kazi ndogo. Kukirudisha ndiko kunakochosha, kwa sababu nati moja ya chini imeisha meno, na mtu wa umri wangu lazima apige magoti kwenye unga ndipo aifikie. Asubuhi ya siku ile mkanda ulikuwa unateleza. Nikazima mota, nikatoa kifuniko, nikaukaza mkanda, nikawasha tena. Kifuniko nikakiegemeza nyuma ya mlango. Nilisema nitakirudisha watu wakipungua. Ilikuwa siku ya soko, na watu hawakupungua.

Naanza na hapo kwa sababu watu wa hapa Tulia wakisimulia habari hii huanza na bima. Bima haikumkata mtu mkono. Kifuniko kilikuwa nyuma ya mlango, na aliyekiweka huko ni mimi.

Kinu kina mfuko mrefu wa kitambaa unaoteremsha unga kwenye debe. Mahindi yakiisha juu, unga mwingine hubaki umeshika kitambaa, na lazima upigwepigwe ndipo ushuke. Kila mwanamke wa huku anaamini kwamba mwenye kinu hubakiza unga wa watu ndani ya ule mfuko, jioni akausuguasugua na kupikia watoto wake. Mvua ikiwa nzuri hulisema kwa mzaha. Mvua ikikosa misimu miwili, mzaha huisha. Mimi nilichoka kuitwa mwizi. Nikawaambia kila mtu apige mfuko kwa mkono wake mwenyewe mpaka roho yake itulie. Huo ndio ukawa utaratibu wa kinu changu, na wanawake waliupenda. Walipita vinu vingine wakaja kwangu. Mfuko huo uko hatua moja tu kutoka kwenye mkanda.

Aliyepiga mfuko kuliko wote alikuwa rafiki yangu. Tuliolewa kijiji kimoja mwaka mmoja, tukachota maji kwenye shimo moja la mchanga mtoni, zamu yangu akinishikia kata na zamu yake nikimshikia. Tuliokoka siku moja, kwenye mkutano mmoja, mimi nikilia na yeye akinicheka. Kanisani tulikaa benchi moja, upande wa dirisha, miaka mingi, mpaka watoto wetu wakazaa na watoto wao wakaenda shule. Mimi aliniita Mama Kinu tangu siku mashine iliposhushwa kwenye lori.

"Sogea, Mama Kinu," alikuwa akisema. "Unga yangu isilale kwako."

"Piga basi. Piga mpaka kitambaa kitoboke, halafu unishonee."

"Nikushonee na nani amelipa uzi?"

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana.

Habari ya bima ililetwa na dada yangu aliyeolewa Kathonzweni. Jirani yake huko alikuwa na duka, na mbele ya duka tangi la maji juu ya nguzo za miti. Nguzo moja ililiwa na mchwa kwa ndani, na kwa nje ilikuwa nzima kabisa. Tangi likamwangukia mguu mtu aliyekuja kununua chumvi. Kesi ilipokwisha, jirani yule alikuwa ameuza shamba la kando ya barabara, lile alilokuwa amewaachia wanawe. Dada yangu alinipigia simu akaniambia, "Na wewe na hiyo mashine yako inayonguruma, unangoja nini?"

Nilikuwa na wajukuu watatu shuleni kwa kinu hicho. Sikuwa na kitu kingine. Shamba langu ni mawe na mbaazi.

Basi ajenti alipokuja kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, nilisikiliza. Alikuwa msichana wa huku huku, anajua Kikamba, lakini maneno ya bima aliyasema kwa Kiswahili. Alisema bima hii si ya mwenye kinu akiumia, wala si ya kinu kikiungua. Ni ya mtu mwingine akiumia kwako kwa sababu ya uzembe wako. Mke wa mchungaji akasema kulipia jambo baya kabla halijatokea ni kama kuliita. Mwingine akauliza kama pesa hurudishwa usipomuumiza mtu, na msichana akasema hazirudishwi, na watu wakaguna.

Rafiki yangu ndiye aliyewachekesha. "Sasa mimi nikiumia kwako, Mama Kinu, utaniletea karatasi?"

"Nitakuletea kuku," nikasema.

"Kuku yenyewe iwe nono. Mimi siumii bure."

Nililipa. Msichana akaja kukikagua kinu, akaniachia orodha ya mambo ya kufanya. Ndoo ya mchanga mlangoni. Swichi ya kuzimia iwe mahali mkono unafika. Kifuniko cha mkanda kisitolewe mashine ikizunguka. Na mstari wa rangi sakafuni, ambao mteja haruhusiwi kuuvuka. Mke wa mwanangu, ninayeishi naye, alinisomea orodha hiyo mara mbili kwa sababu mimi shule niliiachia darasa la tatu. Nikafanya yote. Mstari nilichora mwenyewe kwa rangi ya manjano, nimeinama mpaka mgongo ukalia.

Wanawake waliuvuka siku ile ile. "Kwani hii ni barabara ya Mombasa?" wakauliza. "Tukivuka tutagongwa?" Wangepigaje mfuko bila kuvuka? Ningewakataza, ningerudi kuitwa mwizi. Niliuacha mstari ukae hapo na unga ukaufunika. Sikumwambia msichana wa bima.

Siku ile ya soko rafiki yangu alikuja mchana. Alikuwa amevaa sweta ya kijani yenye mikono mirefu, kwa sababu alikuwa na homa kidogo. Mahindi yake yakaisha, akavuka mstari, akaanza kupiga mfuko kwa mkono wa kushoto huku ameshika debe kwa wa kulia. Mimi nilikuwa nampimia mtu mwingine, nimempa mgongo. Nikasikia mota imebadilisha sauti. Ni sauti ya kinu kikipewa kitu kigumu. Nikageuka na swichi nikaizima kabla sijaelewa kwamba mkanda umeuvuta mkono wa sweta yake.

Hakupiga kelele. Alisema, "Zima." Nilikuwa nimeshazima. Akasema tena, "Zima."

Sitaeleza mkono. Tulimfunga kwa gunia safi, tukampakia kwenye pikapu ya mnunuzi wa pojo, tukaenda naye hospitali mjini Kitui. Nilimpakata kichwa njia nzima. Niliomba kwa sauti. Lile neno la kusema kwamba kifuniko nilikitoa mimi, sikulisema. Kwetu neno kama hilo halisemwi garini kwa mtu anayeumia. Unaenda nyumbani kwake na wanawake wenzako, umebeba unga na sukari, unakaa, unalisema mbele ya watu wake wakusikie. Nilijua nitalisema. Nilikuwa nikilipanga kichwani pale pale kwenye pikapu, vile nitakavyoanza.

Alikatwa mkono juu ya kifundo.

Jioni hiyo mke wa mwanangu alimpigia ajenti simu, kwa sababu karatasi ilisema tutoe habari upesi. Aliiweka simu mezani ili nami nisikie.

"Pole sana, Susu," msichana akasema, akiniita bibi kwa Kikamba. "Umefanya vizuri kuripoti. Sasa nisikilize. Usimwahidi mtu chochote. Usitie sahihi kitu. Usiseme ni makosa yako. Si kwake, si kwa watoto wake, si kwa mchungaji."

"Nisiseme vipi na ni makosa yangu?"

"Iko kwenye karatasi, Susu. Ukikubali makosa mbele yao, kampuni inaweza kukataa kulipa. Halafu atapata nini? Na wewe utabaki na nini?"

"Nikienda kumwona?"

"Kumwona unaweza. Mpelekee hata uji. Lakini hayo maneno, hapana."

Mke wa mwanangu alipomaliza kuzungumza aliniambia, "Mama, enda tu umwone. Kaa kidogo, mwombe Mungu naye, urudi."

Na hapa ndipo nilipokosa mara ya pili, na kosa hili si la nati. Nilikataa kwenda. Nilijiuliza, niende nimwambie nini? Nizungumze habari ya mvua? Kwetu mtu akiumia kwako, ukienda kwake bila lile neno, umekwenda kuangalia mkono. Umekwenda kuona kama bado anapumua. Niliona heri nisionekane kabisa kuliko kukaa mbele yake nimefunga mdomo kama askari wa mlango. Nilisema nitangoja mambo ya bima yaishe, kisha nitakwenda kama mtu. Nilidhani ni majuma mawili matatu.

Akina mama wa kanisa walikwenda. Walinipitia nyumbani na vikapu vyao, na nilipowaambia siendi walitazamana. Sikuwaeleza, kwa sababu kueleza ni kukubali. Waliporudi nilimwuliza mke wa mchungaji mgonjwa amesemaje.

"Ameuliza kama kinu kinasaga vizuri," akasema.

Baada ya hapo alikuja mtu wa bima wa kuchunguza, mwanamume mzima, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi. Alipiga picha mkanda, akapiga picha mstari wa manjano. Akaniomba kifuniko, akahesabu nati, akaigusa ile iliyoisha meno. Kisha akavuta kigoda akaketi.

"Sasa, mama. Niambie ilivyokuwa. Yote."

"Niliambiwa nisiseme."

"Uliambiwa usimwambie yeye. Mimi uniambie."

Nikamwambia. Kuteleza kwa mkanda, nati, mlango, siku ya soko, wanawake wanaovuka mstari nikiwaona. Nilimwambia kila kitu kwa utaratibu ule ule niliokuwa nimeupanga kwenye pikapu. Sikuwa na unga wala sukari, wala hapakuwa na watu wake wa kunisikia. Aliandika bila kuinua uso.

"Nitafungiwa kinu?" nikamwuliza.

"Bima hii ni ya makosa kama haya, mama. Kama watu hawangekosea sisi tungekula wapi?" Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akanipa mkono akaondoka.

Alipokwenda nilijisikia mwepesi. Nilikula vizuri mchana huo, nikatandika kitanda nikalala. Nilipoamka ndipo nikaona nilichofanya. Toba ya rafiki yangu nilikuwa nimempa mgeni, na mgeni alikuwa ameitia mkobani.

Majuma mawili yakawa mwezi, mwezi ukawa misimu. Mbaazi zilitoa maua, zikavunwa, tukalima tena. Rafiki yangu alirudi kanisani. Mkono wa sweta aliufunga kwa pini. Alipita benchi letu upande wa dirisha, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango. Wakati wa kusalimiana mchungaji alisema tugeukie jirani, na mimi nilimgeukia mtoto wa watu.

Mwanawe anayefanya kazi mjini alitafuta wakili. Simlaumu. Barua ilikuja, ajenti akaichukua akasema hiyo sasa ni kazi ya wakili wa kampuni, mimi nitulie. Nikatulia. Nilifikiri wakili wa kampuni atasema nilivyosema, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema yote.

Siku moja mke wa mwanangu akaletewa nakala ya majibu ya wakili wa kampuni. Aliisoma peke yake kwanza. Kisha akaikunja.

"Soma," nikamwambia.

"Mama, ni maneno ya kiwakili tu."

"Soma."

Ilisema kwamba mimi, mwenye kinu, nakataa kuwa nilikuwa na kosa lolote. Kwamba palikuwa na mstari unaoonekana. Kwamba aliyeumia aliuvuka kwa hiari yake, akaingiza mkono mahali alipojua ni pa hatari, na kama aliumia basi aliyejiumiza ni yeye. Juu ya maneno hayo palikuwa na jina langu lote, lile la kitambulisho, ambalo hata kanisani hawaliiti.

Nilimpigia ajenti mwenyewe, sikutaka mtu anishikie simu. Nikamwambia mimi sikusema hivyo.

"Ni lugha ya kazi, Susu. Kila wakili huandika hivyo. Baadaye wanakaa pamoja wanakubaliana, na yeye atalipwa. Huo ni mwanzo tu."

"Naye ameisoma hiyo?"

"Wakili wake lazima atamwonyesha."

"Yeye kusoma hajui. Atasomewa. Atasomewa na nani?"

Msichana hakujua. Mimi nilijua. Angesomewa na wajukuu wake, nyumbani kwake, wakati wa chakula. Wangeshindwa neno moja moja na kulirudia.

Siku hiyo nilivaa lesso nikatoka. Nilifika hadi kwenye njia panda ya kwake. Nikasimama hapo. Nilifikiri, nikiingia sasa nikasema, majibu yale yatageuka kuwa uongo, kampuni itaondoa mkono wake, wajukuu wangu watatoka shuleni na yeye atabaki na kisiki na kuku wangu mmoja. Nikirudi, atapata haki yake. Nilirudi. Hadi leo sijui kama nilirudi kwa ajili yake au kwa ajili ya kinu. Nimejiuliza nikiwa nimepiga magoti na nimejiuliza nikiwa nasaga, na jibu halikuja.

Walikubaliana, kama msichana alivyosema. Alilipwa. Alijenga nyumba ya mabati mapya na tangi kubwa la maji lililokaa juu ya saruji, si juu ya miti, na nilipoliona kutoka barabarani nilifurahi kweli. Ajenti akanipigia simu akasema faili imefungwa. Sasa naweza kusema neno lolote ninalotaka.

Nilikusanya akina mama. Unga nilisaga siku hiyo hiyo, mahindi yangu mwenyewe, na mfuko niliupigapiga mpaka kitambaa kikawa chepesi. Nikanunua sukari na majani ya chai. Kuku nikamchagua mnono. Tulipofika alitukaribisha vizuri, akatuletea viti, mjukuu wake akatupikia chai. Aliniita kwa heshima. Hakuniita Mama Kinu. Aliniita mama, kama anavyomwita mtu yeyote.

Chai ilipokwisha nikasema. Nilisema kifuniko nilikitoa mimi na nikakiacha nyuma ya mlango. Nilisema watu walivuka mstari nikiwaona, na yeye hakujiumiza, niliyemuumiza ni mimi. Nikaomba anisamehe. Wenzangu walikuwa wametazama chini. Yeye alinitazama mimi.

"Hayo maneno," akasema, "umeyasema hapa kwanza?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana," nikasema. "Nilimwambia mtu wa bima."

"Lini?"

"Siku zile. Ulipokuwa bado hospitali."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetafuta kitu akaambiwa kilikuwa mfukoni mwa mwingine. "Basi huyo ndiye akusamehe," akasema. "Mimi nilingoja nikachoka. Nilikuwa nalala naangalia mlango wa wodi. Kila mwanamke akiingia na kikapu, nainua kichwa." Akaufuta mdomo kwa pembe ya lesso. "Mkono sikukudai, mama. Mkono nilijua ni mashine."

Mke wa mchungaji akasema tuombe. Tukaomba. Alisema amina pamoja nasi, kwa sauti. Unga aliupokea, sukari akaipokea. Kuku alimwambia mjukuu anirudishie nikitoka, kwa sababu kwake kulikuwa na kuku wengi. Nilimbeba nyumbani kwapani, njia nzima.

Siku hizi anasagisha ng'ambo ya mto. Ni mbali, na mchanga ni mwingi. Nimekipita kinu hicho. Mkanda wake uko wazi, hakuna kifuniko wala mstari, na mwenyewe hajui bima ni nini. Wanasema rafiki yangu husimama mbali, akamwacha mjukuu apige mfuko.

Kwangu mfuko naupiga mimi. Hakuna anayevuka mstari. Naupiga mpaka mteja aseme inatosha, na akisha kusema naupiga tena kidogo. Nati iliyoisha meno nilinunua nyingine. Mwezi uliopita ajenti alikuja kunitengenezea karatasi ya mwaka mpya. Aliuliza kama kuna kitu kilichobadilika kwenye biashara.

"Mteja mmoja aliondoka," nikamwambia.

"Hiyo fomu haiulizi, Susu," akasema, akageuza ukurasa, akanionyesha mahali pa kutia kidole.